Bolti za Sasipensheni Zilizoliwa na Kutu au Kukatika: Mwongozo kwa Wenye Magari, Madereva na Mafundi wa Igalula

Utangulizi

Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, iliyo kando ya Reli ya Kati, katika ukanda ambao misafara ya biashara ya karne ya 19 iliupitia ikitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na hatimaye Ujiji. Majina ya Tura na Kigwa, ambayo wasafiri kama Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 waliyaandika walipopita huko, yangali majina ya kata za jirani, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilipita katika ukanda huohuo. Mizigo iliyobebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa, leo husafirishwa pia kwa magari madogo na ya kati, ambayo hubeba tumbaku, magunia ya mpunga na mahindi, madumu ya asali, mifuko ya mbolea, na abiria wanaokwenda mnadani, hospitalini au Tabora mjini.

Magari mengi kati ya hayo yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi Japani, na yakifika huku huendelea kutumika kwa miaka mingine mingi, katika barabara za lami na za vumbi, yakiwa na mzigo ambao mara nyingi unazidi uwezo wake. Injini ikigoma, dereva hujua papo hapo, na tairi likipasuka, kila aliyemo garini husikia. Bolti ya sasipensheni inayoliwa na kutu haina kelele hizo mpaka siku inapokatika, na siku hiyo gurudumu huweza kupoteza mwelekeo gari likiwa katika mwendo.

Kijitabu hiki kinaeleza jinsi bolti hizo zinavyofanya kazi, sababu za kuharibika kwake, namna ya kuchagua bolti mbadala, na hatua za kuzibadilisha kwa usalama. Msingi wa maelezo yote ni mmoja: kazi ya bolti ya sasipensheni ni kubana, na karibu kila kosa linalofanyika wakati wa kuibadilisha hutokana na kuidhania kuwa ni kipande cha chuma cha kuzibia tundu.

1. Sasipensheni na bolti zake

Sasipensheni ni mfumo unaounganisha magurudumu na bodi ya gari kwa namna inayoliruhusu gurudumu kupanda na kushuka kufuata hali ya barabara, huku bodi ikibaki katika utulivu na tairi likiendelea kushika ardhi. Mfumo huo una springi zinazobeba uzito. Una shokapu, ambazo baadhi ya mafundi huziita shokomzoba, zinazotuliza mrukoruko wa springi. Una mikono ya chuma inayoelekeza gurudumu ili lisiende mbele, nyuma wala pembeni. Na una bushi, ambazo ni vipande vya mpira vilivyogandishwa kuzunguka kibomba cha chuma, na ambavyo hujipinda pale mkono unapopanda na kushuka.

Katika magari madogo ya saluni na ya familia, bolti muhimu ni zile zinazopita katikati ya bushi za mikono ya chini, zile mbili zinazofunga shokapu ya mbele kwenye kitako cha gurudumu, na zile zinazoshika krosmemba, yaani mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini na kubeba mikono hiyo. Katika pikapu na mabasi madogo yenye springi za mapande nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zipo yubolti zinazobana springi na ekseli pamoja, na ipo senta bolti inayopita katikati ya mapande hayo na kuonyesha mahali hasa ekseli inapopaswa kukaa.

2. Bolti inavyofanya kazi

Nati inapokazwa, bolti huvutwa na kurefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi katika urefu wake wa awali, bolti hubaki ikivibana kwa nguvu kubwa vyuma vilivyo kati ya kichwa chake na nati. Mbano huo ndio unaozuia vyuma hivyo kuteleza kimoja juu ya kingine. Katika mkono wa chini wa gurudumu, kwa mfano, bolti hukibana kibomba cha ndani cha bushi kati ya masikio mawili ya krosmemba mpaka kibomba hicho kisiweze kuzunguka, na kuanzia hapo mwendo wote wa mkono hufanyika ndani ya mpira. Mzigo wa barabara hupita kutoka chuma kimoja hadi kingine kwa msuguano, na mwili wa bolti haupigwi moja kwa moja.

Mbano ukipungua, mambo yote hubadilika. Kibomba huanza kucheza, tundu la krosmemba hutanuka, na bolti ambayo haikukusudiwa kupigwa kutoka ubavuni hupigwa mara elfu nyingi katika safari moja. Kwa sababu hiyo, bolti iliyolegea iko hatarini zaidi kuliko bolti iliyokazwa ipasavyo hata kama zote mbili zimetengenezwa kwa chuma kilekile, na kukaza kwa kipimo ni sehemu ya uimara wa bolti kama ulivyo ubora wa chuma chake.

3. Sababu za kuharibika

Sababu ya kwanza ni kutu. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa, na huenda kasi zaidi maji hayo yanapokuwa na chumvi. Katika maeneo ya kaskazini mwa Japani, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji na barafu, hivyo gari lililotumika huko huweza kufika Tanzania likiwa tayari na kutu chini ya bodi, hata kama rangi ya juu inang'aa. Gari lililokaa miaka kadhaa katika miji ya pwani nalo hupata unyevu wenye chumvi.

Igalula iko mbali na bahari, lakini chumvi haikosekani. Mbolea za nitrati zinazotumika katika mashamba ya tumbaku na mahindi ni aina ya chumvi; huvuta unyevu wa hewani, na zinapomwagika kwenye sakafu ya pikapu hupenya hadi chini na kukaa kwenye pembe za chasisi. Chumvi ya kula nayo, ikiwamo ile ya Uvinza ambayo tangu enzi za misafara imekuwa bidhaa ya biashara katika ukanda huu, huacha athari hiyohiyo ikisafirishwa katika mifuko iliyotoboka. Kisha msimu wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, hujaza tope katika kila uwazi, na tope hilo hushika unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka.

Kutu ina tabia nyingine inayowatesa mafundi: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo. Katika uwazi mdogo ulio kati ya bolti na kibomba cha bushi, kutu huvimba na kuvishikamanisha vyuma hivyo viwili mpaka viwe kama kimoja, na ndiyo maana nati huweza kufunguka vizuri huku bolti yenyewe ikikataa kutoka.

Sababu ya pili ni uchovu wa chuma, yaani kupasuka kidogokidogo kwa chuma kinachopokea nguvu ya wastani mara nyingi mno. Bandu bandu huisha gogo, na barabara ya changarawe yenye vijimawimbi, kama zilivyo nyingi zinazoingia vijijini kutoka barabara kuu, huipiga sasipensheni mapigo mengi katika kila kilomita. Ufa huanzia mahali penye kovu, mara nyingi kwenye shimo dogo lililochimbwa na kutu au kwenye mzizi wa nyuzi, kisha huendelea kuingia ndani. Bolti iliyokatika kwa namna hii huonyesha nyuso mbili zilizo tofauti pale ilipokatikia: sehemu laini, ambayo mara nyingi huwa imekwisha kushika kutu kwa sababu ufa ulikuwapo kwa muda mrefu, na sehemu mbichi yenye chembechembe, ambayo ndiyo iliyokatika mwishoni. Fundi anayeona alama hizo anapaswa kuzikagua pia bolti nyingine za upande huo na za upande wa pili, kwa kuwa zimepita katika barabara zilezile na kubeba mzigo uleule.

Sababu ya tatu ni kazi mbaya ya awali, ambayo hujumuisha bolti iliyokazwa kupita kiasi kwa kuongezewa bomba refu kwenye mpini wa spana, bolti iliyoachwa imelegea, bolti ya daraja la chini iliyowekwa badala ya ya asili, na bolti iliyochomelewa baada ya kukatika.

4. Dalili za kuangalia

Mlio wa kugonga kutoka chini ya gari dereva anapokanyaga breki, anapoondoka au anapopita kwenye tuta ni dalili ya kwanza ya mkono unaocheza. Gari linalovuta upande mmoja, usukani usiorudi katikati, tairi linaloliwa ndani au nje tu, na gari ambalo magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, ni dalili za gurudumu lililohama mahali pake. Chini ya gari, mstari wa vumbi jekundu la kutu linalotoka pembeni ya kichwa cha bolti au chini ya washa huonyesha kuwa vyuma vinasuguana, na alama inayong'aa karibu na tundu huonyesha kuwa bolti imehama. Nati isiyo na koto pini mahali inapotakiwa, au bolti ambayo nyuzi zake hazijitokezi nje ya nati, ni kasoro inayopaswa kurekebishwa kabla gari halijaondoka.

5. Kuchagua bolti mbadala

Bolti ya sasipensheni hutambulishwa kwa mambo manne, na yote yanapaswa kulingana na ya asili.

La kwanza ni daraja la nguvu, ambalo kwa kawaida hupigwa muhuri kichwani. Katika bolti iliyoandikwa 8.8, nambari ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu inayoweza kuikata, yaani newton 800 kwa kila milimita moja ya mraba ya chuma, na nambari ya pili huonyesha kuwa bolti huanza kurefuka bila kurudi nguvu hiyo inapofikia sehemu nane za kumi, yaani newton 640. Kwa hesabu hiyohiyo, bolti ya 10.9 huanza kurefuka bila kurudi ikifikia newton 900, ilhali bolti ya kawaida ya 4.6, inayouzwa kwa ajili ya mageti na kenchi, hufikia hali hiyo kwa newton 240 tu, ambazo ni karibu robo ya nguvu ya ile ya 10.9. Baadhi ya bolti za magari ya Japani hubeba tarakimu moja tu kichwani, na kwa hizo njia salama ni kutafuta kipuri kwa nambari ya mtengenezaji badala ya kukisia. Bolti isiyo na alama yoyote haifai kwa sasipensheni.

La pili ni kipenyo na hatua ya nyuzi, yaani umbali kati ya uzi mmoja na ule unaofuata. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Bolti ya milimita 12 inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida huwa na hatua ya milimita 1.75, wakati bolti nyingi za milimita 12 katika magari ya Japani zina hatua ya milimita 1.25. Bolti hizo mbili zina unene mmoja na huonekana kuwa sawa, lakini ile ya dukani ikilazimishwa katika nati ya gari huingia mizunguko michache tu, huharibu nyuzi, kisha hukwama na kumpa fundi imani ya uongo kwamba imekaza. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kulaza bolti ya zamani na mpya pamoja, nyuzi za moja zikiingia katika nyuzi za nyingine, na kuzitazama kuelekea kwenye mwanga. Zikilingana, mwanga haupiti kati yake, na zisipolingana, meno huanza kupandana baada ya nyuzi chache. Pia nati inapaswa kuzunguka kwa vidole tangu mwanzo wa nyuzi hadi mwisho.

La tatu ni urefu, na hasa urefu wa sehemu laini isiyo na nyuzi. Sehemu hiyo ndiyo inayopaswa kukaa ndani ya tundu. Nyuzi zikikaa humo, hulitafuna tundu nalo hutanuka, na bolti huwa imewekewa udhaifu wake mahali penye mzigo mkubwa. La nne ni umbo: baadhi ya bolti za mikono ya nyuma zina sahani ya mduara usio na kitovu katikati, inayotumika kurekebisha mwelekeo wa gurudumu, na bolti ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake.

Bolti ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa huweza kuwa na daraja sahihi, lakini historia yake haijulikani. Ikiwa na shimo la kutu, nyuzi zilizovutwa au mwili uliopinda hata kidogo, haifai. Nati zenye pete ya nailoni ya kuzuia kulegea na koto pini hubadilishwa kila zinapofunguliwa.

6. Kuandaa gari

Hakuna sehemu ya kazi hii inayoua haraka kama gari linaloanguka kutoka kwenye jeki. Gari huegeshwa mahali tambarare, hendibreki ikiwa imevutwa na magurudumu yanayobaki chini yakiwa yamezuiwa kwa vipande vya mbao au mawe pande zote mbili. Udongo wa kichanga, ambao ni wa kawaida katika sehemu nyingi za Igalula, hudidimia chini ya jeki, hivyo jeki na stendi huwekwa juu ya ubao mpana na mnene wa mti mgumu kama mninga. Gari likishainuliwa, hutuliwa kwenye stendi za chuma chini ya chasisi au sehemu nyingine imara, na husukumwa kwa mkono ili kuhakikisha kuwa halichezi kabla mtu hajaingia chini. Matofali ya kuchoma huvunjika ghafla yakilemewa, na hayafai kutumika kama stendi.

Kabla ya kufungua bolti mbili zinazofunga shokapu ya mbele, kitako cha gurudumu hufungwa kwa waya kwenye bodi, kwa sababu zikitoka, kitako huangukia nje na kuvuta mpira wa breki pamoja na ekseli ndogo ya gurudumu. Springi iliyofungwa pamoja na shokapu ina nguvu ya kuua, na haifunguliwi bila kifaa maalumu cha kuibana. Bolti ya kurekebisha mwelekeo huwekewa alama ya rangi kabla ya kuguswa ili irudishwe ilipokuwa.

7. Kufungua bolti iliyoshikwa na kutu

Subira ya mwanzo huokoa saa nyingi za baadaye. Nyuzi zinazoonekana husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka tope na kutu ya juu itoke, kisha mafuta ya kupenyeza humiminwa kwenye nati, kwenye kichwa na kwenye maungio ya bushi, na ikiwezekana huachwa usiku kucha na kuongezwa asubuhi. Nati hushikwa kwa boksi spana yenye pembe sita, inayoshika ubapa wote wa nati, kwa kuwa ile ya pembe kumi na mbili hushika kona tu na huzila haraka. Inapoanza kusogea, huzungushwa robo mzunguko mbele na nyuma, na mafuta huongezwa, mpaka iwe nyepesi. Kuilazimisha kutoka kwa mkupuo mmoja ndiko kunakoikata bolti.

Nati ikigoma kabisa, moto wa gesi hutumika kwa uangalifu mkubwa. Kinachopashwa ni nati, ambayo hupanuka na kuachia, na moto haukaribishwi kwenye shokapu, mpira wa breki, bomba la mafuta wala tangi. Shokapu yenye gesi ndani huweza kulipuka ikipashwa, na mafuta ya kupenyeza, dizeli au mafuta ya taa yaliyomiminwa awali hushika moto, hivyo hufutwa kwanza na ndoo ya mchanga huwekwa karibu. Bolti au nati iliyopashwa mpaka ikawa nyekundu hairudishwi kwenye gari, kwa kuwa nguvu yake ilitokana na namna ilivyopashwa na kupozwa kiwandani, na moto wa gereji huiondoa nguvu hiyo.

Bolti iliyogandana na kibomba cha bushi hupigwa kwa nyundo kupitia kipande cha shaba au chuma laini, nati ikiwa imeachwa kwenye nyuzi za mwisho ili zisiharibike. Ikikataa, hukatwa kwa msumeno wa chuma au grenda katika uwazi ulio kati ya kibomba na sikio la krosmemba, upande mmoja kisha mwingine, na mkono hutoka pamoja na kipande kilichobaki. Uamuzi huu humaanisha kununua bushi au mkono mpya, na mwenye gari anapaswa kuelezwa hivyo mapema, kabla msumeno haujaanza kukata.

8. Bolti iliyokatikia ndani

Kipande kilichojitokeza nje huweza kuchomelewa nati juu yake ili kipate pa kushikwa kwa spana, na joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuachanisha kutu. Kabla ya kuchomelea, waya wa betri huondolewa ili kulinda vifaa vya umeme vya gari. Kipande kilichokatikia ndani hupigwa alama katikati kwa senta panchi, hutobolewa kwa keekee kuanzia msumari mwembamba hadi mnene, kisha hutolewa kwa chuma chenye nyuzi za kinyume ambacho huingia katika tundu hilo na kushika kadiri kinavyozungushwa kushoto. Alama isipokuwa katikati hasa, keekee hula nyuzi za upande mmoja, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku nzima.

Katika magari mengi, nati za mikono ya chini zimechomelewa ndani ya krosmemba au chasisi kiwandani. Nati ya namna hiyo ikiachia na kuanza kuzunguka na bolti, hutobolewa dirisha dogo la kuifikia, hubadilishwa kwa nati ya daraja lilelile, na dirisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Jambo lisilokubalika kamwe ni kuichomelea bolti kwenye mkono au kuunganisha vipande viwili vya bolti iliyokatika kwa kuchomelea, kwa kuwa kiungo hicho hakina nguvu ya chuma cha asili na hukatika bila kutoa dalili.

9. Kufunga na kukaza

Tundu na nyuzi husafishwa, na bolti mpya huingizwa kwa vidole kabla ya spana. Mwili laini wa bolti unaopita ndani ya bushi hupakwa grisi nyepesi ili usishikwe na kutu tena, lakini nyuzi hazipakwi mafuta wala grisi isipokuwa mtengenezaji ameagiza hivyo. Sababu ni kwamba nguvu nyingi ya spana hupotea katika msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati, na takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo hugeuka kuwa mbano; msuguano ukipunguzwa kwa grisi, nguvu ileile ya spana huivuta bolti kupita uwezo wake.

Mkazo hupimwa kwa newton-mita. Bolti nyingi za sasipensheni za magari madogo huhitaji mkazo ulio kati ya newton-mita 50 na 200, na kipimo halisi cha kila bolti hutolewa na kitabu cha matengenezo cha gari husika. Spana yenye kipimo, inayoitwa toki renchi, ndiyo chombo sahihi. Pale isipopatikana, mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia mazao, huweza kusaidia: ikifungwa kwenye mpini wa spana nusu mita kutoka katikati ya bolti, na kuvutwa kwa pembe mraba mpaka isome kilo 20, mkazo unaopatikana ni karibu newton-mita 100. Njia hii haina usahihi wa toki renchi, lakini ni bora mno kuliko makisio ya mkono.

Bolti zinazopita kwenye bushi hazikazwi kikamilifu gari likiwa limening'inia. Magurudumu yanapokuwa hewani, mikono huwa imeshuka; bolti ikikazwa katika hali hiyo, kibomba cha bushi hubanwa kikiwa kimeelekea chini, na gari likitua, mpira hubaki umepindwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Bushi mpya iliyofungwa hivyo huchanika mapema, na lawama huangukia ubora wa kipuri ilhali kosa ni la ufungaji. Utaratibu sahihi ni kukaza kidogo kwanza, kulishusha gari mpaka uzito wake ukae juu ya magurudumu, kulitikisa mara kadhaa ili springi zitulie, kisha kukaza kwa kipimo cha mwisho.

10. Senta bolti na yubolti

Senta bolti ya springi za nyuma hukatika mara nyingi katika pikapu zinazobeba mzigo mkubwa, na mara nyingi chanzo chake kiko kwa yubolti. Kazi ya senta bolti ni kuonyesha mahali pa ekseli, na kazi ya kuishika ekseli isiondoke ni ya mbano wa yubolti nne. Yubolti zikilegea, kila breki na kila shimo huisukuma ekseli dhidi ya senta bolti mpaka inakatika, ekseli inahama, na gari linaanza kwenda upande. Kubadilisha senta bolti peke yake bila kubadilisha au kukaza yubolti ni kuandaa mkatiko mwingine. Yubolti zilizovutika nyuzi hazirudishwi. Mpya hukazwa kwa zamu, kwa msalaba, kidogo kidogo, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na hukazwa tena baada ya siku za kwanza za kazi, kwa kuwa mapande ya springi hukaa vizuri zaidi baada ya kubeba mzigo.

11. Baada ya kazi

Mstari mwembamba wa rangi nyeupe huchorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani, ili mtu yeyote anayeinama chini ya gari aweze kuona, bila spana, kama nati imezunguka. Bolti hukaguliwa tena baada ya kilomita 100 hivi, na baadaye katika kila matengenezo ya kawaida. Gari ambalo mikono yake au shokapu zake za mbele zimefunguliwa hupelekwa kupimwa alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, na kwa wakazi wa Igalula safari ya mjini kwa ajili hiyo hulipa gharama yake katika tairi ambazo hazitaliwa upande mmoja. Chini ya gari huoshwa kwa maji safi mwishoni mwa mvua na kila baada ya kubeba mbolea au chumvi.

12. Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu, na wajibu huo humhusu mmiliki kama unavyomhusu dereva. Anayebeba abiria kwa malipo, akiwamo wa magari madogo yanayojulikana kama michomoko, huwajibika zaidi, kwa kuwa abiria hana nafasi ya kuinama na kutazama kilicho chini ya kiti chake. Fundi huwajibika kusema ukweli bolti sahihi isipopatikana Igalula, na kulizuia gari mpaka iletwe kutoka Tabora au Dar es Salaam. Muuza spea huwajibika kutochanganya bolti za ujenzi na za magari katika kopo moja. Vijana wanaojifunza ufundi katika gereji za mtaani hufaidika sana wakiongeza mafunzo ya VETA, ambako kusoma kipimo na kutumia kitabu cha matengenezo hufundishwa kama sehemu ya kazi.

Mwenye gari asiyejua ufundi anaweza kujilinda kwa kudai mambo matano kabla ya kulipa: aonyeshwe bolti iliyotolewa na mahali ilipokatikia, aonyeshwe alama ya daraja kwenye bolti mpya, athibitishiwe kuwa nati iliingia kwa vidole kabla ya spana, aone ukazaji wa mwisho ukifanywa magurudumu yakiwa chini, na auone mstari wa rangi uliochorwa kwenye kila nati. Fundi mzuri hachukizwi na madai hayo, kwa sababu ndiyo yanayothibitisha kazi yake, na bei ya bolti sahihi, hata ikiongezwa nauli ya kuiagiza, ni ndogo mno ikilinganishwa na maisha ya watu wanaosafiri juu yake.